Mkanda wa Mkononi na Makofi ya Salamu

Jumatano, tarehe kumi na mbili Februari. Manyunyu tangu asubuhi, ukungu haujatoka hapa kijijini Mpemba hata saa sita.

Mume wangu amefungwa tena ule mkanda wa mkononi. Unajijaza upepo wenyewe kila baada ya muda, mchana na usiku, unapima presha na ugumu wa mishipa ya damu. Kaka yake alianguka kiharusi shambani, kwa hiyo daktari anataka kujua kama dawa zinamtosha au ziongezwe. Nesi alimwambia jambo moja tu: ukianza kubana, nyoosha mkono, tulia.

Wiki iliyopita alifanya nini? Alivaa sweta lisilo na mikono, baridi hii, akaweka kiti barazani kutazama barabara. Mkanda kauvaa kama nishani. Huku kwetu anayesalimia huchuchumaa akapiga makofi, na anayesalimiwa naye hupiga. Basi kila mpita njia alisimama, na mgonjwa wangu akapiga makofi kutwa nzima, mashine ikilia kama kifaranga.

"Mzee, hiyo inapima mpaka akili?" jirani fundi wa matairi akamuuliza.

"Inapima kila kitu."

"Basi akili bado haijaiona."

Nilicheka. Labda sikupaswa.

"Baba, umeambiwa utulie," nikamwambia.

"Niambiwe na mtoto wa juzi yule?"

Kliniki, nesi alitazama kompyuta, akaniuliza mimi: "Mama, huyu alikuwa anatwanga?" Vipimo vya usiku vilitoka, tena vibaya: mishipa migumu hata akilala. Vya mchana vimeharibika vyote. Daktari akakataa kubadili dawa kwa kubahatisha, akaagiza mkanda uvaliwe upya. Mume wangu akasema mashine mbovu. Mwanaume mzima. Mimi darasa la saba langu halifiki kwenye mashine, na huenda nayo ina kasoro zake. Lakini alipolala, mikono imetulia, mbona ilipima?

Leo nimemficha chumba cha nyuma. Ila mama yangu alikuwa anakuja toka Ihanda, na mkwe hawezi kuacha kumpigia makofi hata awe anakata roho. Nikamwahi njiani, nikamweleza. Alikaa mlangoni mwenyewe, akawapokea wageni, akawapigia makofi yeye.

"Mwambie mkwe wangu nimeshasalimiwa," alisema. "Mpaka kesho."

Jioni mkanda ulimbana tonge likiwa mkononi. Akalirudisha sahanini, akanyoosha mkono, akatulia. Tumekula ugali na maharage yasiyo na chumvi. Ya mama, jikoni, niliyatia chumvi.