Gazeti la Kale Lilivyoniharibia Rekodi

Hamjambo wasomaji? Tulieni kidogo, kwa sababu chumbani kwetu, bweni la wafanyakazi hapa Industrial Area, kimya hakuna.

Kusoma nilijifunza ukubwani. Sasa najitolea kurekodi hadithi za magazeti ya kale ya Uingereza, yale ambayo hakimiliki yake imeisha, watu wasikilize bure mtandaoni. Jana asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilizima AC isivume kwenye rekodi.

“Brathe, unatupika!” akafoka jamaa wa kitanda cha juu.

Nikasoma ukurasa mzima bila kukwama. Katika hadithi, binti akafungua mlango, akamwona mtu, akapiga kelele. Hapo gazeti likaisha, na toleo lililofuata mtandaoni halipo.

“Aliona nani?” Jamaa akaruka chini, jasho likimtiririka, akanikamata mkono. Sauti yake yote imeingia. Rekodi imeharibika!

“Hadithi iliendelea toleo la wiki iliyofuata,” nikamjibu kwa hasira.

“Na wasomaji wakangoja wiki nzima?”

“Wewe ningoje jioni, tutarekodi upya,” nikasema, nikakimbilia basi la kampuni.