Mama Vidole na Sauti Iliyojua Kiswahili

Saa moja na nusu asubuhi, taa ya chumba cha mwisho kwenye ujia wa ofisi za baraza la mji haijawashwa. Mlango uko wazi nusu. Anayepita anaweza kuapa kwamba ndani hamna mtu, lakini akisimama kidogo atasikia vitufe vikipigwa haraka, bila kusita, kama mvua inayoanza juu ya bati.

Mwanamke wa miaka hamsini na minne ameketi wima mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni. Mguu wake wa kulia umekanyaga pedali ndogo chini ya meza. Akiibana, sauti za wajumbe waliokutana jana zinasonga, akiiachia, zinasimama. Macho yake yameelekea ukutani. Hayauoni ukuta, hayakioni kioo cha kompyuta, wala hayavioni vidole vinavyokimbia chini yake.

"Sikio la kushoto nawasikiliza waheshimiwa wakibishana," anasema huku akicheka, bila kuacha kuchapa. "Sikio la kulia naisikiliza kompyuta ikinisomea nilichoandika. Mimi niko hapo katikati, sina upande."

Hapa ofisini, kuanzia mlinzi wa getini hadi mwenyekiti wa baraza, wote wanamwita Mama Vidole. Kazi yake ni kuandika kumbukumbu za vikao. Kila neno lililosemwa na mjumbe, la busara au la hasira, hupita kwenye vidole hivyo kabla ya kuwa karatasi. Kwa wiki huchapa kurasa sitini hadi themanini.

Hakuzaliwa hivi. Alianza kazi hapa akiona vizuri, enzi za taipureta, akiwa binti mwenye mwendo wa haraka na mdomo wa haraka zaidi. Alipofika miaka thelathini, presha ya macho ikaanza kumla kingo za dunia. Kwanza akawa anagonga miimo ya milango, halafu akashindwa kuona ngazi. Siku ilipomalizika nuru yote, alikuwa na mimba ya miezi saba ya kitinda mimba wake.

"Watoto wangu wawili wa kwanza nazijua sura zao," anasema. "Huyu wa tatu nilimpokea kwa mikono tu."

Wakubwa wa wakati ule walitaka apumzishwe. Yeye akaomba jambo moja: asomewe barua, aichape mbele yao. Akaichapa ukurasa mzima, akakosea herufi mbili. Wakatazamana. Hakuna aliyemgusa tena mpaka kompyuta zilipoingia ofisini, na pamoja nazo, miaka kumi na miwili iliyopita, programu ya kuwasomea wasioona yaliyomo kwenye kioo.

Sauti ya programu hiyo ilikuwa ya kiume, ya puani, na haikujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Ilisoma kila neno kwa matamshi ya kigeni. "Maji ya kunywa" yaligeuka "majai ya kanyua." Neno "ng'ombe" liliishinda kabisa, ikawa inalitaja herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Wafanyakazi wenzake wakaiita Bwana Mafua.

Mama Vidole alijifunza kumwelewa. Ilimchukua miezi minane. "Kila alichosema nilikigeuza kichwani kwanza, ndipo nikielewe," anasema. "Nikirudi nyumbani jioni kichwa kinauma kana kwamba nimebebeshwa zege. Lakini ndiye aliyenipa mkate wangu. Nilimpenda hivyo hivyo na mafua yake."

Kisha, miezi minne iliyopita, likabandikwa tangazo: kompyuta zote za jengo zingewekewa mfumo mpya Jumamosi na Jumapili. Ule wa zamani ulikuwa umeachwa na waliouunda, na haukuwa salama tena.

Jumatatu yake ofisi nzima ilikuwa vurugu. Mhasibu alitafuta kitufe cha kuzimia mpaka akakata tamaa akachomoa waya ukutani. Dada wa mapokezi alilalamika kwamba picha ya wajukuu zake imetoweka na mahali pake kuna mlima asioujua. Mzee wa masjala aligoma kugusa chochote. "Ijumaa nilikuwa najua kazi," alimwambia kila aliyepita, "leo nimekuwa mgeni kwenye meza yangu mwenyewe!"

Katika chumba cha mwisho hapakuwa na malalamiko yoyote. Mama Vidole aliwasha kompyuta, akavaa hedifoni, akangoja. Akasikia feni ya mashine ikizunguka. Akabonyeza kitufe, kisha kingine. Kimya.

"Nilikaa hapo labda nusu saa," anasema, na kwa mara ya kwanza vidole vyake vinatulia juu ya meza. "Unajua, niliwahi kupofuka mara moja. Siku ile nilipofuka tena."

Fundi wa kompyuta, ambaye ofisini anaitwa Kebo, alikuja mbio alipoitwa. Alikagua, akakohoa, akasema ukweli: Bwana Mafua hakubaliani na mfumo mpya, na kampuni iliyomtengeneza ilikwisha kufunga milango.

"Mama, mimi ni mgeni kwenye kazi hii," alimwambia. "Hakuna aliyenieleza kwamba chumba hiki kina mtu anayefanya kazi kwa kusikia."

"Sasa umeelezwa, mwanangu," akajibu. "Utafanyaje?"

Kebo akakusanya vifaa vyake, akaondoka.

Wakati ule kazi ya haraka ilikuwa mezani. Wajumbe walikuwa wamekesha kwa maneno kuhusu visima viwili, kipi kichimbwe kwanza, upande gani wa mji. Kumbukumbu zilitakiwa Alhamisi asubuhi, na kila upande ulikuwa tayari unadai kwamba mwenzake amesema asichokisema. Maandishi ya Mama Vidole ndiyo yangeamua.

Akaamua kuchapa bila kusomewa na kompyuta, kama zamani kwenye taipureta. Alichapa kwa saa mbili na nusu, shingo imekakamaa, kila sentensi akiishika kichwani. Alipomaliza akamwita dada wa mapokezi aje amsomee.

Dada wa mapokezi aliinama kwenye kioo.

"Dada yangu," akasema taratibu, "hapa pana kijisanduku kinauliza kama unakubali masharti ya mfumo. Chini yake ukurasa ni mweupe. Hamna hata neno."

Mama Vidole aliinuka, akahesabu hatua zake mpaka chooni, akafungulia bomba ili asisikiwe akilia.

Mchana huo katibu wa baraza alimwita. Ni mwanamume mpole, na upole wake siku hiyo uliumiza kuliko ukali. "Dada, umelitumikia baraza hili vya kutosha," alisema. "Nafasi ya kupokea simu ipo. Au tuangalie habari ya kustaafu mapema. Usijitese."

"Nipe mpaka keshokutwa," alimjibu.

"Keshokutwa kitabadilika nini?"

"Sijui, mzee. Lakini nipe."

Ambacho hakukijua ni kwamba Kebo naye hakuwa na amani. Siku ya Jumanne, saa ya chakula, alijifungia kwenye chumba cha vifaa, akajifunga kitambaa machoni, akajaribu kuandika barua ya mistari mitano. "Dakika kumi tu nilikuwa nimepotea kabisa," anakumbuka. "Nilishindwa hata kujua kama mashine imewaka. Nikajiuliza, huyu mama amewezaje miaka yote hii? Niliona aibu, kisha nikaona ajabu."

Akakivua kile kitambaa, akaanza kuuchimba mfumo mpya ukurasa kwa ukurasa. Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mama Vidole, amesimama kama mtu anayeleta habari za uzazi.

"Mama, kumbe huu mfumo una sauti yake ndani. Haihitaji kununuliwa wala kuongezwa. Weka kidole hapa, na hapa, na hapa. Bonyeza vyote kwa pamoja."

Akabonyeza.

"Karibu," ikasema sauti ya mwanamke. "Msomaji wa skrini amewashwa."

Mama Vidole alizivua hedifoni kwa kishindo, akageukia mlango. "Nani ameingia?"

"Hakuna aliyeingia, mama. Ni kompyuta."

"Usinitanie, mwanangu. Kompyuta haisemi hivyo."

Akazivaa tena. Akaomba amfungulie faili lolote la zamani. Sauti ikaanza kusoma kikao cha miaka saba nyuma: "Mheshimiwa Mwenyekiti, wananchi wa upande wa chini wanaomba maji ya kunywa, kwani kisima wanachotumia ni cha ng'ombe."

*Ng'ombe*. Ilitamka ng'ombe, kwa king'ong'o chake kamili, kama mtu aliyelelewa kwenye lugha. Ilipanda penye kuuliza, ikapumua penye mkato.

Mama Vidole aliweka mkono mdomoni. "Nilikuwa nimeyachapa maneno yale kwa mkono wangu," anasema, "lakini sikuwahi kuyasikia. Miaka kumi na miwili nilikuwa nasoma kupitia pazia. Siku ile mtu akalivuta pazia. Nilimwambia, soma tena. Akasoma. Soma tena. Akasoma, wala hakuchoka."

Kebo alichomoa waya wa hedifoni ili sauti isikike chumbani. Mhasibu akasogea, kisha dada wa mapokezi, kisha mzee wa masjala aliyekuwa amegoma. Wakajaa mlangoni. Mzee wa masjala alivua kofia yake polepole, hajui kwa nini.

Kumbukumbu za visima zilikuwa mezani kwa katibu Alhamisi saa mbili kasorobo. Pande zote mbili zilizisoma, zikanuna, na hakuna aliyepinga hata mstari. Katibu alikuja mwenyewe mpaka chumba cha mwisho. "Lile suala la kupokea simu, basi tulisahau," alisema.

"Suala gani hilo?" akauliza Mama Vidole.

Lakini kilichomtikisa zaidi kilikuja wiki tatu baadaye. Yule kitinda mimba, sasa ana miaka ishirini na mitatu, alikuwa amemaliza masomo ya ukunga katika mji mwingine, akamtumia mama yake picha kwa barua pepe. Zamani Bwana Mafua angetaja neno "picha" na namba ndefu, basi. Mama Vidole alibonyeza kwa mazoea tu.

"Mwanamke kijana amesimama mbele ya mlango wa wodi," ikasema sauti. "Amevaa sare nyeupe. Anacheka. Ana mwanya kati ya meno ya juu ya mbele."

Akaisimamisha. Akairudisha. *Ana mwanya*.

Marehemu mama yake Mama Vidole alikuwa na mwanya. Ulijulikana kijiji kizima, wachumba waliusifia.

Alimpigia simu mumewe, seremala, aliyekuwa kazini na randa mkononi.

"Baba watoto, huyu binti yako wa mwisho ana mwanya?"

"Anao tangu aote meno. Kwani vipi?"

"Mbona hukuniambia?"

Upande wa pili ikasikika randa ikiwekwa chini. "Mke wangu," akasema, "umemwosha uso huyo mtoto kila siku. Nilidhani unajua."

Anasema siku hiyo hakuchapa tena. Alikaa na picha ile, akiisikiliza. Miaka ishirini na mitatu sura ya mama yake ilikuwa ikizunguka ndani ya nyumba yake, ikila naye, ikimbishia, ikimuaga asubuhi, naye hakujua.

Binti mwenyewe, kwa simu, anakiri kwamba alikuwa akiufunika mwanya kwa kiganja kila akipigwa picha. "Sasa mama ananidai picha kila wiki," anasema. "Nacheka mdomo wote, ili mashine isikose kuuona."

Si kwamba mashine haikosei. Ilipopewa picha ya seremala amevaa kofia yake ya kazini, ilitangaza kwa uhakika mkubwa kwamba ni mwanamume aliyejitwika sufuria. Nyumba nzima ilicheka mpaka majirani wakauliza kulikoni.

Imebaki miaka sita kabla ya Mama Vidole kustaafu, na tayari ameipangia kazi. Amemwandikia katibu barua ya ukurasa mmoja akiomba chumba cha mikutano kila Jumamosi, pamoja na kompyuta nne zinazokaa bila kazi, awafundishe wasioona wa mji huu. Katibu amekubali. Kebo amejitolea kuziandaa. Majina kwenye orodha yamefika saba.

La saba aliliandika juma lililopita. Mwalimu mstaafu, aliyepoteza macho miaka tisa iliyopita, aliongozwa na mkewe mpaka chumba cha mwisho. Alimwomba mkewe angoje nje, akafunga mlango nyuma yake.

"Bibi, nimesikia habari zako," akasema. "Tangu nipofuke, kila barua yangu huandikwa na mtu mwingine. Mke wangu ananiandikia, watoto wananiandikia. Ninawashukuru. Lakini kuna barua moja nataka kumwandikia huyo huyo mke wangu, na siwezi kumwomba aiandike yeye."

Mama Vidole alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaichukua mikono ya mwalimu, akaiweka juu ya kibodi, akamwonyesha kwa kidole chake vile vinundu viwili vidogo vya kwenye vitufe, ambapo kila mchapaji huanzia.

"Jumamosi saa tatu, mwalimu," akamwambia. "Barua hiyo utaiandika mwenyewe."