Sonara wa Mfalme Aliyekufa

Tuliingia mji mkuu wa Chimor, ufalme wa pwani, siku ya kumi na sita ya safari, midomo imepasuka kwa vumbi la jangwa. Nilikuwa mkalimani wa Yawri, afisa wa Inka kutoka milimani. Mfalme wa Chimor alikuwa ameshindwa vitani mwaka uliopita, na sasa Yawri alitumwa kuwachukua masonara wake awapeleke Kusko, mji mkuu wa Inka.

Wengi walifunga mizigo kimya. Pisanko alikataa. Alifua fedha katika jumba la Chaimun, mfalme aliyefariki kabla babu yake Pisanko hajazaliwa, na hakuacha kugonga tuliposimama mbele yake.

"Mimi si wa Inka, wala si wa huyo mliyemshinda," alisema. "Ni wa Chaimun. Mwombeni yeye ruhusa."

Wenzake waliangua kicheko. "Haya, mkuu, kapige hodi kwa maiti!"

Nilitafsiri nikitazama chini, nilijua atachapwa. Yawri aliuliza tu, "Nani anamsemea?"

Nyundo ya Pisanko ikanyamaza. Hakujua kwamba Kusko nako wafalme waliokufa wana majumba, mashamba, na watu wa kuwalisha na kuwasemea. Alidhani amejificha mahali mtu wa milimani asipoweza kuingia.

Chaimun alisemewa na Lekfun, shangazi yake Pisanko. Mbele ya ile maiti iliyokaushwa na kuvikwa manyoya, Yawri alivua viatu. Akajaza vikombe viwili pombe ya mahindi, kimoja akakimwaga miguuni pa marehemu, cha pili akanywa mwenyewe. Lekfun akamgeukia Pisanko.

"Anasema nenda."

"Shangazi! Ni yeye au ni wewe?"

"Usinitie aibu mbele ya wageni. Tangu lini mkubwa yeyote amekuja kunywa naye? Wafalme wetu kila mmoja alijijengea jumba jipya, huku hawakukanyaga. Huyu kavua viatu. Amnyime nini?"

"Na mimi je?"

"Wewe ndiye uliyesema aombwe."

 Kama Pisanko angebisha, angekuwa anasema kwamba marehemu hasemi. Na hapo shangazi na nyumba nzima wangebaki watu wa nani?

Asubuhi alifunga mawe yake ya kufulia fedha katika kitambaa, akaandamana na wenzake. Yawri aliniacha niwe ulimi kati ya Lekfun na gavana mpya wa Inka. Msafara ulipopita langoni, Lekfun alikuwa tayari ananionyesha Chaimun anavyopenda pombe yake: ichachuke siku nne, isizidi.