Viti Vitatu vya Kukunja

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwa shangazi, nikimenya ndizi za mchana, kiti nilichomtengenezea kwa mikono yangu kilipombana kidole.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, uani kwake Nyakasimbi. Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea, na katika ukoo mzima ni yeye pekee ambaye hakucheka niliposema mimi, msichana, nataka kusomea useremala. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Hakuweza tena kukaa sana mkekani, naye msimu wa kahawa hutaka kuwa nje kutwa nzima, azigeuze juani, awafukuze kuku. Basi nikamtengenezea kiti cha kujinyoosha, cha kukunja, ambacho angekitoa asubuhi na kukirudisha ndani mvua ikitaka kunyesha. Mbao za grevilea, turubai la kijani, bolti mbili. Alikipenda. Majirani walikuja kukitazama.

Asubuhi hiyo kuku mmoja aliingia katikati ya kahawa akaanza kuchakura. Shangazi akajivuta mbele ili anyanyuke, mikono yote miwili ameshika mbao za pembeni. Nikasikia "ta!" kama kijiti kikavu kimevunjika, kiti kikashuka naye chini.

"Mawe!" alisema, yaani "Mama!" kwa Kinyambo chetu, mara moja tu. Kisha akajaribu kuuchomoa mkono.

Kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, kilikuwa kimebanwa pale mbao mbili zinapopishana kama makasi. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa bado juu ya turubai, uzito wake ndio uliokuwa unazidi kuzibana. Nilimwambia asivute. Nikapiga magoti nyuma yake, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamwinua. Shangazi si mwanamke mwembamba. Mara ya kwanza sikuweza. Mara ya pili mbao zikaachia, akautoa mkono na kuukumbatia kifuani, na gauni lote la mbele likalowa damu.

Kwenye kituo cha afya tabibu alisema kipande cha juu, chenye ukucha, hakiungiki. Akakiondoa, akashona. Alipokuwa anaandika akaniuliza bila kuinua uso, "Amekatwa na nini?"

"Kiti."

"Kiti?" Sasa aliinua uso.

"Kiti changu. Nilikitengeneza mimi."

Akaendelea kuandika.

Lazima niseme jambo ambalo siku ile sikumwambia mtu. Miezi kadhaa kabla, karakanani kwangu Rubwera, kiti hicho hicho kilinibana kidole gumba nilipokuwa nakijaribu, ukucha ukawa mweusi. Nikajiambia ni uzembe wangu, nimekishika vibaya. Nikafuta vumbi, nikapaka vanishi. Nilikuwa nimekipenda mno kukitilia mashaka.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na ukishaliona huwezi kuacha kuliona. Mgongo wa kiti ulishikiliwa na fito moja iliyolala kwenye meno niliyochonga nyuma. Meno hayo niliyachonga mafupi makusudi, ili mtu abadilishe mlalo kwa mkono mmoja. Ukiegemea nyuma, uzito wako unaikandamiza fito kwenye meno na kila kitu kinatulia. Lakini mtu anyanyukapo hujivuta mbele, na kwa kuwa sikuweka egemeo la mikono, atashika wapi? Anashika pembeni, pale pale penye bolti, mbao zinapopishana. Wakati huo huo mgongo unakuwa mwepesi, fito inaruka, makasi yanafunga. Nilikuwa nimetengeneza kitu kinachomvizia mtu wakati wa kunyanyuka.

Na vilikuwa vitatu. Kimoja cha shangazi. Cha pili kilinunuliwa na ofisa mmoja wa wilaya pale Rubwera, mtu wa Muleba, aliyependa kukaa barazani jioni. Cha tatu alikichukua mkulima wa Nyakatuntu kwa ajili ya mke wake, aliyekuwa mjamzito na mgongo ukimuuma.

Nilimpigia ofisa nikiwa bado kituoni. "Mzee, shikamoo. Naomba usikikalie kile kiti hadi nije." Akacheka. Akasema yeye ana miezi anakikalia na hakijawahi kulalamika, nije kesho tukizungumze. Namba ya Nyakatuntu haikupatikana. Nilijaribu tena na tena hadi shangazi, aliyekuwa amelala mkono ukiwa juu ya mto, akaniambia, "Acha simu. Nenda."

Niliondoka Jumapili kulipopambazuka. Yule ofisa nilimkuta amekwisha vaa kwenda ibadani, mkewe akiwa ametangulia. Kiti kilikuwa barazani. Nikamweleza yaliyompata shangazi, na kwamba kuna cha tatu.

"Hakina neno hiki," alisema, akakigonga kwa kiganja. "Huyo bibi alikikalia vibaya."

"Mzee, hakuna mtu anayekaa vibaya kwenye kiti. Kama mtu anaweza kukikalia vibaya, kosa ni la kiti."

Sijui nilikotoa maneno hayo. Alinitazama kama aliyeambiwa kitu na mtoto wake. Nikaona maneno hayatatosha, nikakaa. Nikaweka mikono mapajani, nikajivuta mbele kama mtu anayetaka kusimama. Kiti kikatulia. Nikarudia, kikatulia tena, naye akaanza kutabasamu na kutazama saa. Mara ya tatu nilijivuta upande, kama anavyofanya mtu anayeitwa na mtu aliye nyuma yake. Fito ikaruka. Nilianguka kwa makalio juu ya saruji, na mbao zikakutana kando ya paja langu kwa ule mlio nilioujua.

Ofisa alinishika mkono akanisimamisha. Akainama, akaingiza kalamu yake pale penye bolti, akaitazama jinsi ilivyobanwa.

"Kingine kiko wapi?" aliuliza.

"Nyakatuntu. Kwa mwanamke ambaye nasikia amejifungua juzi juzi."

"Basi unangoja nini hapa?"

Yeye mwenyewe alimwita mwendesha bodaboda aliyekuwa barabarani.

Njiani sikumbuki nilichokiona. Nakumbuka nilikuwa nahesabu nitakavyosema: kwanza salamu, kisha pole na hongera ya mtoto, kisha ombi. Nilijipangia kama mtu anayekwenda kuposa. Tulipofika, baba wa nyumba alikuwa bado kanisani. Mama yake, mwanamke mzima mwenye macho makali, alikuwa mlangoni pa jiko akipepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Mama, nimefuata kile kiti cha kukunja. Kiko wapi?"

"Mkwe wangu amekilalia huko nyuma, na mtoto. Usiku kucha mtoto hakutulia, ndiyo kwanza wamepata usingizi. Ngoja kwanza, waitu, tafadhali, nikupe kahawa."

Sikungoja. Nilizunguka nyumba, naye akanifuata akinikemea kwa Kinyambo kwa sauti ya chini.

Walikuwa kwenye kivuli cha migomba. Mama alikuwa amelala chali, kichwa kimeangukia bega, mtoto kifuani amefungwa ndani ya kitenge, mkono wa kulia juu ya mgongo wa mtoto. Mkono wa kushoto ulikuwa umening'inia. Vidole vitatu vilikuwa vimepita katikati ya mbao, chini kidogo ya bolti. Ardhi pale ilikuwa na mteremko, kiti kimeinamia upande. Nikachungulia nyuma: upande mmoja fito ilikuwa kwenye jino, upande wa pili ilikuwa imeshapanda nje na imekaa ukingoni, juu ya ncha ya ubao usiozidi unene wa shilingi.

Yule mama mkwe aliniona uso akaacha kunikemea. "Kuna nini?"

Nikamnong'oneza. Nilimwonyesha bolti, nikamwonyesha vidole. Sikuhitaji kueleza mara mbili.

"Nimwamshe?"

"Hapana. Akishtuka atajivuta mbele."

Tulisimama pale, wanawake wawili, tukitazama kiti. Tungemchukua mtoto kwanza, mama angeamka. Tungemwamsha mama, angenyanyuka. Tungeacha kama ilivyo, mtoto angelia muda si mrefu. Hatimaye nililala chini kwa tumbo, nyuma ya kiti, nikaishika fito kwa mikono miwili na kuikandamiza kwenye meno. Nikamwambia mama mkwe auondoe ule mkono kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

"Mpora mpora," alijisemea, polepole, polepole. Alipiga magoti kwa shida. Kutoka pale chini niliona vidole vyake vizee vikishika kifundo cha mkono wa mkwewe, vikiuvuta kidogo, vikisubiri, vikiuvuta tena. Kidole cha kwanza kikatoka. Cha pili. Pete ya ndoa ikakwama kwenye ukingo wa ubao. Akaizungusha. Ikatoka.

"Mama?" Sauti ya usingizi, juu yangu.

"Usinyanyuke," nikasema kwa nguvu. "Usinyanyuke kabisa!"

Nani ataamshwa na sauti ya mtu asiyemjua chini ya kiti chake, asinyanyuke? Alijivuta mbele. Mtoto akalia. Fito ikanisukuma viganja kama kitu chenye uhai, upande mmoja ukaruka, na uzito wa mama na mtoto ukaangukia mkono wangu uliokuwa kati ya fito na ubao. Sikuutoa. Nilisikia mama mkwe akisema, "Nimempata, nimempata mtoto," kisha mama akateleza taratibu hadi majanini, na ndipo nikaachia.

Hakuna aliyeumia isipokuwa mimi, na mimi ni michubuko tu na kifundo kilichovimba siku chache. Mama mkwe alikaa chini na mjukuu wake, akicheka. Mkwewe hakucheka. Alivitazama vidole vyake, akakitazama kiti kilichojifunga, akanitazama mimi.

"Ulijua?" aliniuliza.

Ningeweza kusema nimejua jana. Ilikuwa kweli kiasi.

"Kiliwahi kunibana kabla sijawauzia," nikasema. "Nikanyamaza."

Alinyanyuka kutoka majanini. Kisha akamchukua mtoto wake, akaingia naye ndani, na mlango akaufunga. Kahawa niliyoahidiwa nililetewa na mama mkwe nikainywa peke yangu uani, nimesimama, kiti kikiwa kimefungwa kamba miguuni pangu.

Viti vyote vitatu nilivikata kwa msumeno. Kwa miezi kadhaa nilitengeneza vitanda na fremu za milango tu. Lakini kile kiti kilikuwa hakiniachi. Nilianza tena kukichora, safari hii nikianzia kwa mtu anayenyanyuka, si kwa mtu aliyelala. Nikaweka egemeo la mikono, ili mikono iwe na pa kwenda mbali na bolti. Nikayachonga meno marefu, yenye mdomo uliopinda kama ndoana, na juu yake nikaweka komeo linaloishika fito hata mtu akiruka juu ya turubai. Pale mbao zinapopishana nikaziachanisha kwa bomba fupi la chuma, kidole kizima kipite bila kuguswa.

Sikuthubutu kujaribu kwa kidole. Nilitumia ndizi mbichi. Nilikuwa naitia ndizi kwenye kila mwanya, nakikunja kiti kwa nguvu, kisha naitoa nitazame ganda. Mafundi wa karakana ya jirani waliniuliza kama nimeamua kufungua mgahawa. Ndizi za mwanzo zilitoka zimekatika vipande viwili. Nilibadilisha, nikajaribu kwenye mteremko, nikamwagia maji turubai, nikapakia magunia ya maharage na kuyasukuma mbele kwa teke. Siku niliyojaribu mianya yote na hakuna ndizi iliyochubuka, sikufurahi. Nilirudia kesho yake, na kesho kutwa.

Kiti cha kwanza nilikipeleka Nyakatuntu bila kuitwa. Yule mama alinikuta mlangoni, mtoto sasa anakaa mwenyewe. Hakunikaribisha ndani. Alinitaka nikae mimi kwanza, nijivute mbele, nijivute pembeni, nishike kila mahali. Kisha akanitoa, akaingiza vidole vyake mwenyewe kwenye kila upenyo huku nikikikunja na kukikunjua, na mimi nikatokwa jasho kuliko siku ile nyingine. Alipomaliza alisema tu, "Kiache hapo kivulini." Ofisa wa Rubwera alichukua kingine na hakuniuliza lolote.

Cha tatu nilikipeleka Nyakasimbi. Shangazi alikizunguka, akalibonyeza komeo kwa kile kidole kifupi, akalifungua na kulifunga. Bado anachambua kahawa kwa mkono huo, ila sasa hutumia kidole cha kati.

"Umefanya kazi," alisema. "Hiki kiti ni kizuri."

"Kaa basi, shangazi."

"Hapana, mwanangu. Wageni watakaa."

Akavuta kigoda chake, akakaa karibu na kahawa, akanisogezea ungo wa pili. Nilikaa kwenye kiti mimi, nikachambua naye hadi jua likageuka, na kila nilipojivuta mbele kuchukua kiganja kingine cha kahawa nilimwona ameacha kazi, ananitazama mikono.