Pombe ya Harusi ya Tabita

Mwanangu, kila nikisikia harufu ya kimea cha mtama, nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Iguguno, mavuno yakiwa yamekwisha. Moshi ulikuwa umelala juu ya mabua ya alizeti, mwembamba, wa buluu, nami nikiwa msichana niliutazama kama mtu ambaye bado yumo ndotoni.

Siku hiyo dada yangu Tabita alikuwa anaolewa. Shangazi Elizabeti ndiye aliyepika pombe. Mtama aliuloweka, akauotesha chini ya majani, akauanika na kuusaga ukawa kimea. Uji wa pombe aliuacha upoe mpaka kidole kiuvumilie ndipo akatia kimea, kwani uji wa moto mno hukiua. Nyuma ya jiko alikuwa ametundika nyama ya mbuzi, imetiwa chumvi na kukaushwa na upepo, akiifukiza taratibu kwa kuni kavu za mgunga.

Mitungi haikutosha, basi baba mdogo Yona akaleta pipa la plastiki, na pombe yote ikamiminwa humo.

Asubuhi ile shangazi alifunua pipa ili aonje. Akanusa. Kata ikabaki hewani.

"Yona, pipa hili lilikuwa na nini?"

"La shambani, dada. Nimeliosha vizuri kwa sabuni."

"Nimekuuliza lilikuwa na nini."

Baba mdogo akatazama chini. "Dawa ya wadudu."

Nyimbo za wakwe zilishaanza kusikika barabarani. Baba akamshika shangazi mkono. "Dada, nakuomba. Wageni hao wamefika. Tutawaambia nini?"

"Tutawaambia kilichotokea," akasema, akaagiza lichimbwe shimo mbali na kisima.

Pombe iliingia ardhini polepole, ikitoa povu, na harufu yake tamu ikajaa uani kama kitu kinachoaga. Ndani, Tabita alikuwa analia. Bibi wa bwana harusi alipofika, shangazi mwenyewe alimsimulia yote, bila kumtaja Yona. Yule bibi akaenda kulitazama lile shimo.

"Ingekuwa kwangu," akasema mwishowe, "sijui kama ningethubutu. Uji wa kunywa upo?"

Ulikuwepo. Tukanywa uji, tukala nyama ile iliyonukia moshi, watu wakacheza mpaka vumbi likageuka dhahabu kwenye jua la jioni. Tabita akaenda kwake kwa heshima zote. Hadi leo hakuna ajuaye pombe ile ingemdhuru nani.

Mwanangu, sasa unataka kupika pombe na kukausha nyama hapo kwako Mandewa. Vizuri. Tumia chombo ambacho unajua kimebeba nini tangu kiliponunuliwa, ukisafishe kwa maji yaliyochemka. Mfuniko usiukaze, pombe inapoumuka hutoa hewa. Kimea chenye ukungu kitupe. Nyama usiifukize kwa mbao zilizopakwa rangi wala kuni mbichi, na moto uwe mdogo. Na ukishuku kitu, mwaga, hata wageni wakiwa mlangoni. Aibu ya siku moja utaizoea. Kumzika mgeni wako hutakuzoea.

Mungu akupe mkono mwepesi na pua kali. Wote watakaokunywa na kula kwako warudi makwao salama, wakikutaja kwa wema.