Loisi Mlinda Ndege

Mmenisumbua vya kutosha. Bibi andika, bibi wewe ndiye unayemjua, bibi wageni wa bwawani watapenda kusoma. Shule mimi niliiacha darasa la pili, na kalamu hii inateleza kama kambare. Lakini nikiwaachia ninyi mtasema Loisi ana kichaa. Hana. Basi tulieni niandike, na herufi zangu msizicheke.

Loisi ni mdogo wangu, tumbo moja. Tangu usichana, hapa Hombolo, kazi yake ilikuwa kulinda ndege. Uwele ukianza kukaza punje, alfajiri yuko juu ya dungu na debe lake na kombeo, anapiga kelele mpaka jua lizame. Sauti yake ilivuka bwawa. Marehemu mume wake alisema aliposa sauti, mwenye sauti alikuja kumwona baadaye.

Sasa watoto wamegawana shamba, wamepanda zabibu, dungu limeliwa na mchwa. Loisi hana la kufanya na kukaa hawezi. Anaketi, anainuka. Anafagia uwanja aliokwisha kuufagia. Anakuja kwangu kuuliza kama nimeamka, anaondoka kabla sijajibu. Mwanawe Stanley, anayeishi Ilazo mjini, akaja na pikapu.

"Mama, hapa huna kazi. Utakuja kukaa kwangu."

Akapakia kitanda cha mama yake, akaondoka nacho, ili Jumamosi ya juma lililofuata akirudi kumchukua asiwe na pa kung'ang'ania. Nilimwambia, "Stanley, mtu hahamishwi kama kabati." Akanijibu, "Shikamoo, mama mkubwa," akawasha gari.

Loisi akalala mkekani. Akaniambia, "Dada, nikienda kule nitakufa nimekaa."

Jumapili ibada ilipotoka, tukamkuta Ibrahimu nje ya kanisa. Huyu ni kijana wa Kondoa anayetunza ile hifadhi ndogo upande wa pili wa bwawa. Akatangaza anatafuta mtu wa kulinda ndege, mengine wataelekezana huko huko. Loisi alinyoosha mikono yote miwili.

"Mimi! Nani mwingine hapa anajua kulinda ndege? Ajitokeze!"

Nani angethubutu?

Ulikuwa mwezi wa tatu, korongo weupe wanajiandaa kurudi Ulaya. Siku zile hawatulii. Wanaruka, wanazunguka, wanatua tena, kama abiria aliyefunga mizigo na basi halijaja. Wageni walikuja na darubini zao kuwatazama, wananong'ona, wananyata kwa ncha za vidole.

Loisi alipofika Jumatatu hakuwaona wageni. Aliona nyasi zimetoa mbegu ukingo mzima, akajisemea, kumbe siku hizi watu wanalima nyasi, shauri yao. Akapanda juu ya kichuguu, akapiga debe.

"Hayaaa! Hayaaa! Tokeni!"

Ee Mungu wangu. Bwawa lote lilipaa. Korongo, bata, na vile videge vya kwenye matete, mpaka jua likafifia. Mama mmoja mwenye kofia pana alijishika kichwa akakaa chini kama aliyefiwa. Mimi nilikuwa njiani nampelekea Loisi uji, nikamwona Ibrahimu anakimbia kofia mkononi.

"Bibi, acha! Acha!"

"Niache vipi? Wengine hao wamejificha kwenye matete!"

"Nilisema ulinde ndege!"

"Sasa hapa nafanya nini, napika?"

Nikaweka uji chini. "Baba," nikamwuliza Ibrahimu, "kwenu Kondoa mtu akilinda ndege anafanyaje?"

Akacheka mpaka akashika magoti. "Anawafukuza, bibi. Makosa yangu. Hapa tunataka wasiguswe. Wenye manati, mbwa, ng'ombe, yeyote atakayewashtua, umzuie. Lakini wewe mwenyewe ukae kimya."

"Kimya?"

"Kimya. Tujaribu mpaka Jumamosi."

Loisi akanikabidhi debe. Siku zile zote alikaa kichuguuni amejifunga kanga mdomoni, miguu inacheza, macho hayatui. Korongo walirudi mmoja mmoja, wakajaa mpaka karibu yake.

Jumamosi pikapu ikaja. Stanley akasimama ng'ambo ya nyasi, akaita, "Mama! Twende!" Korongo wakainua shingo. Loisi akaweka kidole mdomoni. Stanley akapiga honi, moja ndefu, na Loisi, bila kuinuka, akazungusha kombeo. Kidonge cha udongo kikatua kwenye boneti, pwaa!

Honi ikakatika. Hakuna ndege aliyeruka.

"Mama, umenipiga mimi?"

"Nimelinda," akanong'ona. "Niko kazini. Rudi kwa mkeo."

Ibrahimu alikuwa amesimama na wageni wake. Alimvulia Loisi kofia, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza tena habari za kujaribu. Jua lilipokaza, korongo wakapaa wenyewe, wakazunguka juu, juu, wakashika njia ya kaskazini. Loisi alikuwa amekwisha kuwageukia ndege waliobaki.

Lakini Stanley amenuna, na kitanda kiko Ilazo. Mdogo wangu analala mkekani, asubuhi mgongo haunyooki, na kichuguu kinamngoja. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa bure, wewe mwenye gari na darubini: ukija kuona ndege, pitia kwanza Ilazo kwa Stanley, mwambie mama mkubwa amekutuma, kifunge kile kitanda juu ya gari lako, ukilete. Na magodoro yake yote mawili.