Miaka Tisa ya Kwenda Norwei

Vendelín Koubek alikuwa fundi lifti, na kazi hiyo ilikuwa imemharibu kwa namna moja: hakuweza kutazama kitu chochote bila kujiuliza kitakatikia wapi. Harusini aliinama kwanza kukagua miguu ya meza. Kwenye basi alisikiliza breki badala ya kusikiliza jirani. Kwa hiyo siku ile katika baa ya Bohdan, pale Lomnice, mji mdogo wa Ucheki, wanaume walipokubaliana kwamba sharti waende Norwei kuvua samaki wa baharini, hapakuwa na ubishi juu ya nani apange safari.

Akapanga. Alipanga kwa miaka tisa.

Kila Alhamisi jioni alifika na mafaili yake matatu, akaomba meza ifutwe, akayafungua. La kwanza lilikuwa la njia: vituo vyote vya mafuta kuanzia Lomnice hadi feri ya Ujerumani, na vyoo vyake vimepewa alama. La pili lilikuwa la vifaa: mishipi, ndoano, chubwi za nusu kilo za kuzamisha chambo hadi chini kabisa. La tatu, lililonona kuliko yote, liliandikwa HATARI. Humo mlikuwa na maelezo ya nini kifanyike gari likizima katikati ya misitu ya Uswidi, ndoano ikimwingia mtu sikioni, na samaki akizidi ukubwa wa mashua.

"Huyu samaki wa kuzidi mashua," aliuliza Luboš, dereva wa gari la mikate, ambalo ndilo lingewabeba, "tunamfanyaje hasa?"

"Tunakata mshipi."

"Nisafiri siku mbili na nusu nikakate mshipi?"

"Afadhali mshipi kuliko wewe, bwana."

Mwaka wa nne walibishana juu ya bia tu. Norwei bia inauzwa kwa bei ya dawa, na forodha inaruhusu chupa chache za kuingia nazo. Luboš alitaka waifiche chini ya viazi. Vendelín akakataa, akaonyesha ukurasa. Mwaka wa tano walibishana juu ya vipande vya nguruwe vya kukaangwa na chenga za mkate, maana hakuna Mcheki anayevuka mpaka bila hivyo: je, themanini vinatosha watu watatu? Mwaka wa sita Bohdan mwenyewe, mwenye baa, ambaye ndiye angekuwa wa tatu, alipendekeza waende tu.

"Twende tu?" Vendelín akashtuka. "Na ukurasa wa mawimbi bado?"

Mji mzima ukawa unawatania. Mtu akikawia kulipa fundi au kuoa, aliambiwa anakwenda Norwei. Mzee mmoja aliyekaa kaunta kila siku alizoea kuwaambia, "Msiwe na haraka, vijana. Samaki wenu bado wanasomesha watoto." Vendelín hakukasirika. Ukweli ni kwamba alikuwa na furaha. Alhamisi ilipofika alioga, akavaa shati safi, akatoka na mafaili kwapani kama wakili anayekwenda kushinda kesi.

Mkewe Drahomíra alipika katika jiko la shule, watoto mia mbili na arobaini kila siku, na hakuwa na subira na mambo yanayochemka bila kuiva. Jumapili moja ya Februari alimwekea mumewe sahani ya bata, kabichi na matonge ya unga, akangoja ajaze mdomo, ndipo akasema:

"Nimekodi nyumba Norwei. Wiki ya pili ya Juni. Ina mashua."

Vendelín alipaliwa mpaka akapigwa mgongoni.

"Umekodi kwa nani?"

"Kwa mama mmoja anaitwa Ingunn. Nimempigia simu. Kijerumani chake kibovu kama changu, tumeelewana vizuri sana. Nafasi ni nne, na mimi nakuja."

"Draho, mama, hili jambo halijaiva..."

"Miaka tisa! Hata ng'ombe mzima angekuwa ameiva."

Kuanzia siku hiyo Vendelín akaanza kudhoofika. Aligundua kwamba gari la Luboš lina kutu. Aligundua kwamba Juni ndio mwezi wa ukaguzi wa lifti, ingawa ukaguzi ulikuwa Septemba tangu aanze kazi. Alimsomea mkewe habari za hali ya hewa za bahari asiyowahi kuiona. Mwishowe Drahomíra alizima jiko, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Sema, Vendo. Unaogopa nini?"

Fundi akatazama mikono yake. Kisha akatoa siri aliyoifungia moyoni tangu ujana: chombo chochote kinachoelea kilimchafua moyo. Si bahari tu. Mwaka themanini na tisa, kwenye matembezi ya chama cha wafanyakazi, alipanda meli ya watalii kwenye bwawa la Orlík, maji yametulia kama sakafu, naye akatapika kuanzia gati hadi gati. Tangu hapo hata kiboti cha kukanyaga kwa miguu hakukipanda.

"Sasa hebu fikiria," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka tisa nawafundisha watu bahari. Nikitapika mbele ya Luboš, nitahamia mji gani?"

Drahomíra alimtazama kwa mshangao. "Hivi wewe unadhani mimi sijui?"

"Utajuaje?"

"Vendo, ulitapikia mkoba wangu. Mimi ndiye yule msichana wa benchi la mbele. Wiki iliyofuata ukaniletea mkoba mpya. Sisi tulioana vipi, kwani?"

Vendelín alikuwa anakumbuka mkoba mpya na msichana. Sehemu ya katikati alikuwa ameifuta, na kwa miaka yote alijifariji kwamba mkewe naye ameifuta.

Wakaamua afanye mazoezi. Nyuma ya ghorofa yao palikuwa na bembea za watoto, na kila asubuhi kabla ya kazi, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, kilo mia na tatu, alikaa kwenye bembea akiwa na jaketi la kuokolea watu majini na fimbo ya kuvulia mkononi, huku mkewe akimsukuma na kuhesabu. Siku ya kwanza alifika kumi na mbili, akashuka, akakumbatia mti. Siku ya nane alifika sitini. Siku ya tisa mnyororo wa bembea ukakatika, na fundi aliyeona kasoro za dunia nzima akawa hakuona hiyo.

Hakuumia, ila jirani wa ghorofa ya pili alikuwa dirishani, na habari ilifika baa kabla vumbi halijatua. Alhamisi Vendelín alipoingia, baa nzima iliyumba pamoja, kushoto, kulia, na glasi mikononi. Yeye akaenda moja kwa moja mezani, akakaa bila kufungua faili.

"Haya," alisema. "Chombo kikielea, natapika. Nimemaliza. Chekeni."

Wakacheka, tena sana. Luboš peke yake hakucheka. Alizungusha glasi yake, akakohoa.

"Mimi sijui kuogelea," akasema.

"We!" Bohdan akaruka. "Si una kombe la mashindano ya kuogelea nyumbani?"

"La kaka yangu. Vendo, nikuambie ukweli wa Mungu? Kila ulipoongeza ukurasa kwenye lile faili nono, mimi nililala usingizi mzuri."

Wakatazamana, wanaume wawili walioogopa jambo moja miaka tisa, kila mtu akimwonea aibu mwenzake. Vendelín akaanza yeye kucheka, mabega yakitetemeka, mpaka machozi. Hapo hapo walikata shauri kwamba safari imevunjika. Wakaagiza bia nyingine kwa furaha kabisa, kisha Vendelín akaenda nyumbani kumpa mkewe taarifa.

Drahomíra alikuwa anakaanga. Alisikiliza yote bila kugeuka.

"Sawa," alisema. "Mimi naenda. Bohdan ataendesha. Wewe na Luboš mtabaki mkinimwagilia maua."

Juni, wiki ya pili, waliondoka wote wanne.

Siku mbili za mwanzo Vendelín na Luboš walivulia gatini, miguu juu ya mbao zilizopigiliwa misumari, na walipata samaki wadogo mpaka ndoo zikajaa. Drahomíra na Bohdan walitoka na mashua ya Ingunn, wakarudi na chewa wa kaskazini mrefu kama mkono wa mtu mzima, na Drahomíra akamlaza gatini katikati ya ndoo zao. Siku ya tatu Vendelín alishuka ngazi ya gati, akaingia mashuani, akashika ukingo kwa mikono miwili.

Alitapika kabla hawajapita mnara wa taa. Alitapika tena walipozima injini. Alikuwa ameinama nje kwa mara ya tatu fimbo ilipojikunja mpaka majini, na Bohdan akapiga kelele amwachie yeye. Vendelín hakuiachia. Alizungusha mshipi kwa robo saa, akitapika na kuzungusha, akimtukana samaki, bahari, chama cha wafanyakazi na Bohdan, mpaka kichwa kikubwa chenye ndevu moja kidevuni kikatokeza juu ya maji, na mkewe akakinasa kwa kulabu.

Gatini Ingunn alimtazama samaki, kilo kumi na moja, kisha akamtazama mwanamume aliyemvua, kijani usoni kama kabichi. Akamwambia Drahomíra kitu kwa kile Kijerumani chao.

"Anasema nini?" Vendelín akauliza. "Ananicheka?"

"Anasema mumewe ni mvuvi miaka thelathini, na anatapika kila Jumatatu akirudi baharini."

Vendelín alikaa juu ya ndoo. Akafuta ndevu zake kwa kiganja.

"Muulize," akasema, "kesho tunatoka saa ngapi?"